Mafunzo Niliyopata: Kurekodi Kwaya Nzima kwa Kompyuta ya Mtumba

Wimbo mmoja wa kwaya ya usharika, hapa kwetu nyanda za juu kusini, una sauti nne, gitaa la solo, la ridhimu na la besi, ngoma, kinanda cha kuongoza na kingine cha kutandika kwa nyuma. Siku hizi mwalimu wa kwaya akishasikiliza nyimbo zinazotoka Dar es Salaam, anataka na vayolini za okestra. Na Kidugala, huku kwetu Njombe, si mahali pa kudanganya masikio ya watu. Wamisionari wa Berlin walifungua kituo hapa mwishoni mwa karne ya 19, na kuimba kwa sauti nne ni urithi wa familia nyingi. Sauti ya tatu ikiyumba, bibi aliyekaa benchi la nyuma anajua. Mikwaruzo ikiingia kwenye wimbo, atajua mapema zaidi.

Mikwaruzo hiyo, katika studio ndogo za Makambako na Njombe, chanzo chake kikubwa ni prosesa ya kompyuta kuzidiwa na ala za programu. Kwa nini tunazitegemea ala hizo? Makambako ni njia panda. Malori ya barabara kuu ya kwenda Zambia hayalali, na reli ya TAZARA inapita hapohapo. Ukiweka maiki mbele ya ngoma halisi katika chumba cha kawaida, unarekodi ngoma pamoja na malori. Ngoma za programu hazina shida hiyo. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilileta mfumo wa VST mwaka 1996, na mwaka 1999 ikaupa uwezo wa kubeba ala, kwa hiyo leo kinanda, ngoma na hata okestra ni mafaili ndani ya laptop. Lakini kila ala inaitaka prosesa ipige hesabu bila kupumzika, na laptop nyingi tulizonazo huku ni za mtumba, zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo.

Msimamo wangu nautoa mapema: laptop hizo zinatosha. Nimeona kwaya zikichangisha fedha za mashine mpya ilhali dawa ilikuwa ndani ya mashine ileile.

1. Prosesa inashindwa kwa kuchelewa, siyo kwa kuchoka

Hili ndilo fundisho lililobeba mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wimbo wa kiwango cha kawaida una namba 44,100 kwa kila sekunde, kwa kila upande wa spika. Kompyuta haizitoi moja moja. Inaziandaa kwa mafungu, na fungu moja ndilo tunaloliita bafa. Ukiweka bafa ya 256, fungu hilo ni muziki wa milisekunde 5.8 hivi. Maana yake ni kwamba kila baada ya milisekunde 5.8 kinanda, ngoma, besi, mwangwi na kila plagini (programu ndogo ya ala au ya kurekebisha sauti) iliyowashwa lazima viwe vimemaliza hesabu zao na kukabidhi fungu kwa kadi ya sauti. Fungu likichelewa hata kidogo, kadi haina cha kupiga. Hapo ndipo spika inapotoa ule mlio wa "tak".

Mwalimu mmoja wa kwaya alisimama nyuma yangu akitazama kioo, akaniuliza, "Fundi, hii kompyuta inasema inatumia asilimia 35 tu. Mbona sauti inakatika?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa. Asilimia inayoonyeshwa na Windows ni wastani wa viini vyote vya prosesa kwa kipindi kizima, na wastani hauonyeshi fungu moja lililochelewa. Halafu kuna jambo la pili: plagini zilizopangwa kwenye treki moja zinasubiriana. Kompresa haiwezi kuanza kabla kisawazishi hakijamaliza, na mwangwi hauanzi kabla ya kompresa. Msururu huo kwa kawaida hubebwa na kiini kimoja, hata kama viini vingine vimekaa bure. Ukirundika plagini kumi kwenye treki kuu, kiini kimoja kinaelemewa na mashine nzima inaonekana ina nafasi.

Ndiyo maana natazama kipimo kilichomo ndani ya programu ya muziki yenyewe. Kile cha FL Studio, kwa mfano, kinaonyesha sehemu ya muda wa bafa iliyokwisha kutumika. Kikikaribia mwisho, mikwaruzo iko mlangoni, Windows iseme itakavyosema.

2. Bafa ya kurekodia si bafa ya kuchanganyia

Anayepiga kinanda anataka kusikia sauti pale pale anapobonyeza. Bafa ya 128 au 256 inampa hilo. Ukimwekea 1024, anasikia baada ya milisekunde 23 na zaidi, mkono wake unaanza kuisubiri sauti, na mdundo unalegea. Lakini kurekodi kukiisha hakuna tena anayesubiri kitu. Ninapochanganya napandisha hadi 1024 au 2048, na prosesa inapata muda mrefu zaidi wa kumaliza kila fungu. Badiliko hili ni la sekunde chache, na limeokoa nyimbo nyingi kuliko ushauri wowote ninaoufahamu.

Kwa waimbaji, karibu kadi zote za sauti za nje zina kitufe cha kumfanya mwimbaji ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye kadi, bila sauti yake kuzunguka ndani ya kompyuta. Kitumie, na bafa inaweza kubaki kubwa hata wakati wa kuimba. Hakikisha pia unatumia dereva ya ASIO iliyokuja na kadi yako. Kama huna kadi ya nje, ASIO4ALL ni ya bure na inafaa kuliko dereva ya kawaida ya Windows.

3. Mlaji mkubwa hujificha mahali usipotazama

Watu wengi hulaumu ngoma kwa sababu zina kelele. Ngoma za sampuli ni nyepesi: kila pigo ni sauti fupi inayotoka kwenye kumbukumbu na kwisha. Mlaji ni kinanda cha piano. Mpigaji akikanyaga pedali, noti hazifi. Kila noti aliyoipiga inaendelea kulia chini ya zile mpya, na piano nyingi za programu huongeza sauti ya kidole kuachia na ya nyuzi kuitikiana. Mpigaji wa mtindo wa kanisani, anayejaza kila nafasi kwa vidole vyote, anaweza kuiamsha piano ipige sauti nyingi mno kwa wakati mmoja. Ndani ya plagini kuna mahali pa kuweka kikomo cha sauti hizo. Mimi naweka 32 au 48, nasikiliza kwa makini mahali ambapo wimbo umejaa zaidi, na kama sisikii tofauti naacha hapo. Chini ya waimbaji arobaini wenye nguvu, tofauti haisikiki.

Mlaji wa pili ni zile sauti pana za kutandika nyuma, ambamo noti moja imeundwa kwa mawimbi saba au zaidi yaliyopishana kidogo. Mpigaji akishika kodi ya noti nne, prosesa inapiga hesabu za mawimbi 28. Punguza yawe matatu kwa kila noti, utashangaa jinsi wimbo unavyobaki uleule.

Wa tatu ni limita na kompresa zenye kipengele cha kupiga hesabu kwa kasi mara 4 au mara 8 ya wimbo wenyewe ili sauti isikwaruze juu. Kazi ya plagini hupanda karibu kwa kiasi hichohicho. Kizime unapofanya kazi, kiwashe unapotoa wimbo mzima, kwa kuwa hapo kompyuta haikimbizani tena na muda, inaweza kuchukua dakika zake. Plagini nyingi zina mpangilio wa kufanya hivyo zenyewe.

Kumtafuta mlaji ni kazi ya subira: zima plagini moja, tazama kipimo, iwashe, nenda kwa inayofuata. Kuinyamazisha treki hakutoshi, kwa sababu mara nyingi plagini inaendelea kupiga hesabu hata ikiwa haisikiki. Lazima plagini yenyewe izimwe.

Na kama uliuanzisha mradi kwa namba 96,000 kwa sekunde, jua umeiongezea kila plagini kazi zaidi ya mara mbili. Wimbo wa kwaya unaokwenda redioni, YouTube na kwenye simu za waumini unatosheka na 44,100 au 48,000.

4. Mwangwi mmoja kwa kwaya nzima

Ukimwekea kila mwimbaji plagini yake ya mwangwi, umelijenga kanisa upya kila unapoweka maiki. Tengeneza njia moja ya mwangwi, kisha sauti zote nne zipelekwe humo, kila moja kwa kiasi chake. Prosesa inafanya hesabu ya mwangwi mmoja badala ya mingi, na kwaya inasikika imesimama mahali pamoja, jambo ambalo hata bila shida ya prosesa ningelifanya. Mwangwi uliotengenezwa kwa kurekodi ukumbi halisi ni mzuri ila ni mzito, hasa mkia wake ukiwa mrefu. Ukate mkia pale unapozama chini ya ngoma.

5. Gandisha, kisha endelea

Kugandisha treki ni kuigeuza kazi ya plagini kuwa faili la sauti. Piano iliyokuwa ikipigiwa hesabu upya kila unapobonyeza kitufe cha kucheza inakuwa rekodi, na kusoma rekodi kutoka diskini ni kazi ndogo sana kwa prosesa. Cubase na Reaper zina amri ya kugandisha. Katika FL Studio unaigeuza treki kuwa klipu ya sauti, kisha unaizima plagini yake.

Mafundi wengi wanaijua amri hii na hawaitumii. Sababu si ya kiufundi. Wanaogopa kwamba mwalimu atabadili mawazo, noti irekebishwe, na kazi irudiwe. Nawaelewa. Lakini nimeona nyimbo zikikaa miezi kwenye kompyuta kwa sababu kila kitu kimeachwa wazi: piano inaweza bado kubadilishwa, besi inaweza bado kubadilishwa, na mashine imelemewa na mambo ambayo hakuna aliyeamua. Utaratibu wangu sasa ni kukaa na mwalimu wa kwaya tukisikiliza muziki mtupu kabla waimbaji hawajaitwa. Akikubali piano, naigandisha mbele yake. Tukifika kwenye sauti, laptop ni nyepesi, bafa inaweza kushuka, na waimbaji waliotoka mashambani hawakai kusubiri mashine iache kuganda. Nakala ya noti inabaki kwenye mradi, ikibidi inafunguliwa.

Atakayesema hiyo ni njia ya maskini asikilize singeli. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, ulitoka katika studio ndogo ya uswahilini Dar es Salaam, na muziki wake wa midundo 200 na zaidi kwa dakika umechezwa katika matamasha ya Ulaya. Kiini cha muziki ule ni vipande vifupi vya sauti vinavyorudiwa na kukatwakatwa. Hakuna prosesa inayolia kwa kucheza vipande hivyo.

6. Kinanda cha kanisani kina prosesa yake

Hapa ndipo nimejifunza kuitazama mali tuliyonayo. Sharika nyingi za huku zina kinanda cha Yamaha, mara nyingi cha familia ya PSR. Watu wanakiunganisha na laptop kwa waya wa USB ili kitume noti tu, halafu wanaitaka laptop itoe sauti ya piano. Lakini kinanda kile kina chipu yake ya kutengeneza sauti, na sauti za vayolini, ogani na besi zilizomo ndizo waumini wamezizoea tangu utotoni. Toa waya kwenye tundu la sauti la kinanda, uchomeke kwenye kadi, rekodi sauti yenyewe. Kazi yote ya kutengeneza ala imefanywa na kinanda, laptop inaandika faili tu. Rekodi noti na sauti kwa pamoja, ili siku ukitaka kubadili ala usimwite mpigaji tena.

Kisha kuna matarumbeta. Makanisa yetu ya Kilutheri yamepuliza matarumbeta kwa vizazi, kwenye sikukuu, kwenye mazishi, kwenye mapokezi ya wageni. Tarumbeta za programu ni miongoni mwa ala nzito kuliko zote: noti moja ina sampuli za kupuliza taratibu, kwa nguvu, kwa kuunganisha na kwa kukata, zote zikisubiri kwenye kumbukumbu. Na baada ya gharama hiyo yote, mzee aliyepuliza tarumbeta ya besi maisha yake yote atasikia mstari wa kwanza na kusema huyu si mtu. Kidugala, mbali na barabara kuu, usiku kuna utulivu wa kutosha kuwarekodi wapulizaji wenyewe kwa maiki mbili. Faili linalopatikana halitumii chochote cha maana cha prosesa. Nilipoanza kufanya hivi nilikuwa nikitafuta wepesi wa mashine tu. Leo ningefanya hivyo hata kwenye kompyuta kubwa kuliko zote, na kayamba na ngoma nazo vivyo hivyo.

7. Kumbukumbu ikijaa, prosesa inasingiziwa

Ala za sampuli hukaa kwenye RAM. Laptop yenye GB 4 ikijazwa okestra, Windows inaanza kuhamishia mambo diskini, na kama diski ni ile ya kuzunguka, kila kitu kinakwama. Dalili zinafanana na za prosesa kuzidiwa, dawa ni tofauti: ongeza RAM hadi GB 8 au 16, weka SSD, na panapowezekana iache ala isome sampuli moja kwa moja kutoka diskini.

8. Umeme, vumbi na Wi-Fi

Umeme ukikatika, laptop inahamia kwenye betri na mara nyingi prosesa inapunguzwa kasi ili chaji idumu. Mradi uliokuwa ukienda vizuri unaanza kukwaruza bila wewe kugusa chochote. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows chagua utendaji wa juu, na ukiwa kwenye betri pandisha bafa.

Joto nalo linapunguza kasi. Prosesa za Intel za laptop zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi zinajipunguza zenyewe ili zisiungue. Sisi wa Njombe tumejaliwa baridi, na mwezi Juni na Julai mashine inapumua vizuri kuliko mwaka mzima. Kinachotuumiza ni upepo wa kiangazi wa Makambako na vumbi lake jekundu, linaloingia kwenye feni na kuganda kama blanketi. Fungua, ishike feni isizunguke, puliza vumbi, na kama dawa ya kupitisha joto imekauka juu ya prosesa, fundi aibadilishe. Pia tuache kuweka laptop juu ya kitambaa cha mezani. Matundu ya hewa yako chini.

Zima Wi-Fi unaporekodi. Dereva ya mtandao ni kati ya zile zinazokatiza sauti mara kwa mara, na programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha kama kwako ndiyo yenye kosa.

9. Ukinunua, soma herufi ya mwisho

Wauzaji wanasema "i5" na wanunuzi wanalipia "i5". Soma jina lote. i5-4300U, iliyomo kwenye HP EliteBook 840 G1 nyingi, ina viini 2, kasi ya msingi ya GHz 1.9, na inapanda hadi 2.9. Herufi U inaonyesha prosesa ya kubana umeme, wati 15. i7-4800MQ ya kizazi hichohicho, inayopatikana kwenye mashine za kazi nzito kama Dell Precision M4800, ina viini 4 na inaanzia GHz 2.7 hadi 3.7. Ni nzito kubeba na inakula umeme, lakini studio haitembei. Ya kwanza inafaa kwa kurekodi na kugandisha. Ya pili inabeba kazi nzima.

10. Mafaili ya kila ala ni mali ya kwaya

Ukishagandisha kila treki, unacho kitu ambacho kwaya nyingi hazijawahi kupewa: kila ala na kila sauti katika faili lake. Treki 30 za upande mmoja, za wimbo wa dakika tano, kwa biti 24 na namba 44,100 kwa sekunde, ni kama GB 1.2. Nyimbo kumi zinaingia kwenye flashi ya GB 16. Mafaili hayo yatafunguka kwenye programu yoyote na kwenye kompyuta dhaifu kabisa, hata plagini zilizotumika zikiwa zimeacha kufanya kazi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kwaya na wahasibu wa kamati, Kidugala, Makambako, Njombe na kwingineko: mnapokubaliana bei na studio, andikeni kwenye makubaliano kwamba mtakabidhiwa mafaili ya kila ala pamoja na wimbo uliokamilika. Msimalize malipo kabla hamjayapokea na kuyafungua kwenye kompyuta nyingine. Na wekeni nakala mbili, moja ofisini kwa mchungaji, nyingine kwa katibu wa kwaya.